Aliyetaka Kunyolewa Kipara

Binti wa kaka yangu alitangaza mbele ya wateja wangu kwamba anataka kunyolewa kipara. Mimi, shangazi yake, msusi ninayepangiwa foleni mpaka nje, niongozane na mtoto mwenye kichwa kama yai? Nani ataniamini tena?

"Labda uniue kwanza," nikamwambia.

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Mama yake alikuwa amemleta akiwa ameshiba ndi, kama kila Jumamosi, maana mtoto mwenye njaa hasukiki: chipsi, juisi ya machungwa, na chokoleti ya kumbembeleza. Nikamkalisha mkekani, nikakilaza kichwa chake pajani mwangu. Sijamaliza hata mstari mmoja, akainuka ghafla, amekunja uso, kajishika kifua.

Kitana kikanidondoka. Baba yake alijishika hapo hapo, asubuhi akipiga mswaki, binti yake akimtazama. Tulimzika kesho yake. Moyo, walisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi, shangazi. Usimwambie mama."

Nisimwambie nani! Mteja mmoja nilimwacha na kichwa nusu kimesukwa, nusu kimefumuliwa. Alinitukana, na ana haki yake. Nikambeba mtoto, nikampitia mama yake, wifi yangu, kazini, tukaenda hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke wa taratibu, taratibu ya kukera. Alisikiliza kifua, akaagiza vipimo vya moyo, akasoma majibu bila kuinua macho. Wifi alikuwa ameniminya mkono mpaka vidole vinakufa ganzi.

"Moyo wake ni mzima," akasema. "Hauna kasoro yoyote."

Wifi akakaa sakafuni palepale. Mimi, badala ya kushukuru, nikapandwa na hasira. "Sasa kinachomuuma ni nini? Deko?"

Daktari akamgeukia mtoto. Inauma saa ngapi? Akishakula. Halafu? Akiinama, au akilala. Kuna kitu kinapanda?

Mtoto akamwangalia mama yake kwanza. "Maji makali. Yanafika mdomoni, nayameza."

Akaulizwa kama anatapika, kama chakula kinamkwama. Hapana. Akapimwa uzito; hajapungua.

"Basi nadhani ni kiungulia," daktari akasema. "Asidi ya tumboni inapanda kwenye koo la chakula na kuliunguza."

"Kiungulia!" nikadakia. "Daktari, hicho si cha wajawazito na wanaume wenye vitambi? Huyu hata meno hajamaliza kuota!"

Akacheka, kwa mara ya kwanza. "Hata watoto wanakipata, mama. Wengi hawajui kukieleza tu. Tutampa dawa ya kupunguza asidi kwa wiki chache. Akitulia, tutazidi kuwa na uhakika. Asipotulia, tutachunguza zaidi. Chakula kiwe kidogo kidogo. Chipsi, chokoleti na juisi ya machungwa mziache kwa sasa. Na asilale akishakula."

"Na kusukwa?"

"Asukwe kabla ya kula."

Tukadhani yameisha. Mtoto akamvuta daktari koti. "Kwa hiyo si ule wa baba?"

Jamani! Daktari akachutama, wakawa macho kwa macho. "Si ule wa baba. Kabisa."

"Nikilala pajani kwa shangazi, kifua kinawaka," akatueleza, kana kwamba sisi ndio watoto. "Nikijishika, mama analia. Nikiwa na kipara sisukwi."

Wifi akamvuta kifuani, akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Sikuwa natafuta chochote.

Dawa ilimkubali. Wiki chache baadaye waliingia saluni asubuhi, mtoto hajala kitu, anadai misuko midogo midogo kuliko yote ninayoijua. Akakaa mkekani, akakilaza kichwa pajani mwenyewe. Nilisuka nikisubiri aruke. Badala yake nikasikia gauni langu linalowa: mdomo wazi, udenda unamtoka.

"Amelala?" wifi akaninong'oneza.

"Fofofo."

Akaja, akampapasa kifua taratibu, jinsi alivyozoea tangu msiba. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Akautoa mkono, akavuta kigoda, akachukua kitana cha pili, akaanza upande wa kushoto.