Kabeji ya Norwald

Msimu ulikuwa bado mbichi, theluji ya kwanza ndiyo kwanza inagusa mashamba, na tayari Nungunungu, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Norwald, walikuwa wameshachapwa mara tatu. Mchezo wa kwanza walifungwa kwa tofauti ya alama thelathini na moja. Wa pili ilikuwa ishirini na mbili, na kocha wao, Orrin Tveit, akajifariji kwamba angalau kidonda kinaanza kukauka. Wa tatu wakafungwa na chuo cha Biblia kutoka Dakota kilichokuja na wachezaji saba tu, mmoja wao akiwa ndiye dereva wa basi lao. Dereva peke yake alifunga alama kumi na nne, kisha akatoka nje kwenda kulipasha moto basi.

Vyuo vidogo vya Minnesota havimpi mchezaji wa mpira wa kikapu hata soksi. Kijana anasoma ualimu au uhasibu mchana, jioni anakimbia kwa kupenda kwake, na mji mzima unakwenda kumtazama, kwa kuwa Novemba ikifika penye joto ni kanisani au ukumbi wa michezo, na kanisani hawauzi bisi. Kwa hiyo vichapo vitatu havikuwa siri ya mtu. Asubuhi Orrin alipoingia mgahawani, wazee waliovaa makoti ya rangi ya chungwa ya kuwindia kulungu waliinamia vikombe vyao wote. Mmoja akakoroga kahawa yake taratibu.

"Orrin," akasema, "yule dereva hamkumwomba ahamie kwetu?"

Orrin alikuwa mtu wa sauti. Mkewe Marlys, mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri, alisema Mungu alipokuwa akigawa sauti Orrin alipanga foleni mara mbili. Mchezo ukianza hakai. Anatembea pembeni mwa uwanja akipaza, rudini, pandeni, kushoto, siyo kushoto hiyo, ile nyingine, hata watu waliokaa juu kabisa wanajikuta wamesogea kushoto. Siku ya dereva alipaza kuliko siku zote. Dereva alipofunga kikapu cha sita, Orrin alifungua mdomo amwambie refa jambo zito, kikatoka kimlio kama bawaba ya banda la kuku. Akajaribu tena. Safari hii hata bawaba haikulia.

"Usiseme," daktari akamwambia kesho yake. "Wala usinong'one. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi. Nyamaza mpaka mimi nikuruhusu."

Marlys alizipokea habari hizo kwa moyo wa subira. Jioni hiyo alisoma gazeti lote bila kukatizwa, mpaka matangazo ya vifo.

Mchezo wa nne ulikuwa dhidi ya Prairie Fork. Kazi ya kusema aliachiwa kocha msaidizi, Delwin Krause, mtu mwema kupita kiasi. Akitaka chumvi mezani huanza kwa kuomba radhi. Delwin alisimama pembeni mwa uwanja, akaweka viganja mdomoni, akasema kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto, "Vijana, kama hamtajali, mngerudi nyuma kidogo." Hakuna aliyesikia. Kipindi cha pili kilipoanza walikuwa nyuma kwa alama tisa.

Orrin akaomba muda wa mapumziko kwa ishara, akachukua ule ubao mdogo mweupe wanaochorea mipango. Prairie Fork walikuwa wanapita katikati kama watu wanaokwenda dukani. Akashika kalamu, akaandika neno moja kwa herufi kubwa, KABENI, akawaonyesha. Ila mwandiko wa Orrin ulikuwa mwandiko wa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akisema. N yake ilikuwa ndoana iliyopinda.

Tavion Birdsong, kijana mwembamba wa Milwaukee aliyekuwa akiongoza mashambulizi, akaukodolea macho ubao.

"Kabeji," akasema.

"Kabeji?" akauliza Gunnar Oftedahl. Gunnar alikuwa mtoto wa mkulima, mrefu wa kuinama kila mlango, mwenye viatu vilivyoagizwa mbali.

"Kocha anataka kabeji. Si umeona?"

"Kabeji ndiyo mchezo gani?"

"Wewe mkulima ndiye unaniuliza mimi wa mjini? Kabeji ni nini? Ni majani yamekumbatiana. Wewe ndiwe moyo wa kabeji, kaka. Unashika mpira, sisi tunakukumbatia, halafu tunabanduka mmoja mmoja. Wao hawajui jani lipi limeondoka na mpira."

Orrin alitikisa kichwa, akatikisa na mikono. Tavion akamwitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Tumekuelewa, Kocha."

Wakaingia. Walimzunguka Gunnar, mabega kwa mabega, wakawa donge moja lenye miguu kumi, wakasogea hivyo hivyo kuelekea kikapuni. Prairie Fork walisimama wakitazama, maana tangu wazaliwe hawajaona kitu kama hicho. Mmoja alimtazama refa. Refa alikuwa anapekua sheria kichwani mwake, asiione yoyote inayokataza. Jani la kwanza likabanduka, likakimbia kulia, na walinzi wawili wakalifuata. Jani la pili likaenda kushoto. La tatu likafunga kikapu.

Nungunungu walishinda 71 kwa 58. Ukumbi ulitetemeka. Vijana walimbeba kocha wao begani, naye huko juu aliandika upesi upesi, NILIANDIKA KABENI, akamwinamishia Delwin ubao.

Delwin akausoma, machozi yakimlenga. "Niliandika kabeji," akasema. "Ndiyo, Kocha. Tumeona wote kwa macho yetu."

Mchezo uliofuata walishinda tena, ugenini. Kufikia hapo Norwald ilikuwa haijiwezi. Duka la mboga liliishiwa kabeji. Watu walizibeba kifuani kuingia nazo ukumbini, wengine wamezivalisha kofia za sufu. Mchungaji alihubiri juu ya mbegu iangukayo penye udongo mzuri, na waumini wote wakageuka kumtazama Orrin. Gazeti la wilaya lilimwita mtu wa mawazo mapya. Wazee wa mgahawa walimvutia kiti. Orrin alikuwa amefundisha mpira kwa miaka mingi, na hajapata kuvutiwa kiti.

Basi sauti ilipomrudia, hakumwambia mtu. Ilimrudia bafuni, alipokuwa akijipaka povu la ndevu. Alijisikia akisema "aa" na ile "aa" ikawa nzima kabisa, nene kama zamani. Alifunga bomba, akasikiliza kama kuna aliyesikia. Kisha akatoka akiwa na ubao wake, akaandika kwamba anaomba supu.

Siri ilivujishwa na mbwa. Siku mbili kabla ya mchezo na Sandahl, mahasimu wao wa tangu enzi za mababu, Orrin alijitengenezea mkate wenye nyama, akaugeuzia mgongo kidogo atafute haradali. Mbwa wao mzee, Bosun, akauweka mdomoni.

"Toka hapo, Bosun, hicho changu," akasema Orrin.

Bosun akaganda. Chumba cha pili, kinanda kikanyamaza. Marlys akatokea mlangoni.

"Tangu lini?"

Orrin akaunyoosha mkono kwenye ubao.

"Usiniandikie. Nimekuuliza kwa mdomo, nijibu kwa mdomo."

"Jumanne."

"Na bado nakupikia supu."

"Supu ilikuwa tamu, Marlys."

"Najua ilikuwa tamu. Nakuuliza kwa nini mtu mzima unajifanya bubu nyumbani kwako."

Orrin akaketi. "Nilipokuwa napiga kelele tulikuwa tunafungwa. Nimenyamaza, tunashinda. Nikifungua mdomo tukafungwa na Sandahl, mgahawani watasema nini?"

"Watasema maneno yako mwenyewe. Kosa la refa."

"Tena kabeji yenyewe si yangu," akasema Orrin, akitazama sakafu. "Mimi niliandika kabeni. Wakabe, Marlys. Kukaba tu, kama watu wote."

 Marlys akacheka mpaka ikabidi ashike friji, na kila alipotaka kunyamaza alitamka neno "kabeji" na kuanza upya.

"Waambie," akasema alipopata pumzi.

"Baada ya Sandahl."

"Haya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, bwana. Mimi siku hiyo nitakaa viti vya nyuma."

Bata Bukini wa Chuo cha Sandahl walifika Jumamosi wakiwa hawajafungwa na yeyote. Kocha wao, Lowell Brandvold, alisoma chuo kimoja na Orrin, na tangu siku hizo anavaa tai yenye picha za bata. Alikuwa na watu wa kutosha nyuma yake, na watu hao walibeba bango refu: TUMELETA MAYONESI.

"Pole kwa koo, Orrin," akasema Lowell walipopeana mikono. "Nasikia umekuwa mwanafalsafa."

Orrin akatabasamu kama mgonjwa.

Lowell alikuwa amejiandaa. Kabeji ilipojikunja mara ya kwanza, Bata Bukini hawakuikimbilia. Watano wote walirudi chini ya kikapu wakasubiri kwa utulivu, kama watu walio kituoni wanaojua basi lazima litapita hapo. Kila jani lililobanduka lilikuta mtu wake. Upande wa Sandahl wakaanza kuimba, "Saladi, saladi," na mwanamke mmoja wa Norwald, kwa hasira, akaitupa kabeji yake uwanjani na kumpata refa mgongoni. Akatolewa nje. Alitoka akiwa amesimama wima kama shahidi wa imani.

Hata hivyo Nungunungu hawakuachwa mbali. Tavion aliacha kabeji akacheza mpira aliozaliwa nao, na Gunnar akawa anaokota kila kilichodondoka. Zilipobaki sekunde chache, Norwald walikuwa nyuma kwa alama moja, 64 kwa 63, na mpira ulikuwa wa Sandahl, wanaurusha kutoka nje ya mstari. Orrin akaomba muda wake wa mwisho.

Vijana walimzunguka wakihema. Kitu cha kufanya kilikuwa kimoja tu. Hata Bosun angekijua. Orrin akaushika ubao, akaandika taratibu, kwa uangalifu wote aliokuwa nao, KABENI.

Wakautazama.

"Kabeji imeoza, Kocha," akasema Tavion kwa upole. "Wameshaijua."

Orrin akafuta. Akaandika tena, herufi kubwa zaidi, ubao ukajaa.

"Kabeji kubwa?" akauliza Gunnar.

"Lakini mpira ni wao," akasema Tavion. "Tutajikunjaje kabeji na mpira hatuna?"

"Labda Kocha anataka tuwakunje wao," akasema Delwin, "kama hamtajali."

Hapo kitu kilichokaa kooni kwa Orrin tangu Jumanne kikakataa kukaa tena.

"KABENI!" akanguruma. "Ni KABENI! Tangu siku ya Prairie Fork niliandika KABENI!"

Ukumbi mzima uligeuka. Kule viti vya nyuma Marlys alijifunika uso kwa mtandio wake. Delwin alimkumbatia Orrin akilia, akisema, "Amepona, Kocha amepona." Vijana walikuwa wamekodoa macho.

"Kabeni?" akasema Tavion.

"Kabeni."

"Sasa kabeji ilitoka wapi?"

"Kwenu," akasema Orrin, na sauti yake ikashuka. "Mliibuni wenyewe. Mimi sijui hata inavyokwenda. Ningewaambia mapema, ila niliogopa, maana mlikuwa mnashinda nikiwa kimya."

Gunnar ndiye aliyeanza. Kicheko chake kilitokea tumboni, mbali, kikapanda polepole kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, na kilipofika juu wenzake wote walishashikwa. Tavion alikuwa amekaa chini. Mmoja alikuwa anafuta machozi kwa taulo la mwenzake. Refa akapuliza filimbi, akapuliza tena, na muda wa mapumziko ukawa umekwisha bila mpango wowote kupangwa.

Waliingia uwanjani wakicheka. Kila mmoja alimkaba mtu wake, pua kwa pua, machozi yanamtoka, mabega yanaruka. Kijana wa Sandahl mwenye mpira alimtafuta wa kumpa. Huku aliona mtu anacheka. Kule aliona mtu anacheka. Akajitazama bukta kama imekaa vibaya. Refa alikuwa anahesabu zile sekunde tano za kurusha. Mwishowe kijana aliutupa mpira tu, na ukamgonga Gunnar kifuani, Gunnar asijue umetoka wapi. Akampa Tavion. Tavion akakimbia akikohoa kwa kucheka, akauweka kikapuni kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika mbavu.

65 kwa 64.

Baada ya kelele kupungua, Lowell Brandvold alikuja kupeana mikono, tai imepinda, bata wanatazama juu. Alimvuta Orrin pembeni.

"Ile ya mwisho," akasema kwa sauti ya chini. "Ile ya kucheka. Mnaiitaje?"

"Haina jina, Lowell. Vijana walikuwa wanacheka tu."

"Hutaki kusema."

"Nakwambia ukweli."

"Sawa," akasema Lowell. "Nami nisingesema."

Jumatano Norwald walisafiri hadi Wexley na kufungwa kwa alama kumi na tisa, Orrin akipaza sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, na Tavion akiuliza kila mara, "Kushoto ipi, Kocha?" Walirudi usiku wakipita katika theluji, wote wana njaa, hakuna aliyenuna sana. Siku hiyo hiyo Bata Bukini wa Sandahl walicheza na Prairie Fork. Waliomba muda, wakarudi uwanjani wote watano wakicheka kwa nguvu, ha ha ha, kwa kufuata hesabu ya kocha wao. Refa aliwapa adhabu ya utovu wa adabu. Wakaendelea kucheka, akawapa nyingine. Walifungwa kwa alama ishirini na sita, na Ijumaa asubuhi Lowell alimpigia Orrin simu.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema. "Vijana wako huwa wanaanza kuvuta pumzi kabla filimbi haijalia, au baada?"