Miche Iliyong'olewa Mubashara

Sabra alikuwa anamenya ndizi wakati jirani alipomwekea simu usoni na kumpa hongera, mumewe ametokea kwenye televisheni. Sabra akamjibu kwamba hana mume. Talaka aliandikiwa mwaka jana, na aliyebaki pale shambani kwake Mlali ni mtu tu asiyejua kuondoka.

Simu haikujali talaka. Kwenye ukurasa wa televisheni ya umma ya kanda, Mansuri alikuwa amesimama katikati ya nyanya, kofia mpya kichwani, akieleza alivyoutengeneza mteremko ule kwa jasho lake. Chini yake pameandikwa: Mansuri, mmiliki wa shamba. Kipindi kinaitwa Shamba Langu, Kura Yako. Watazamaji wanapiga kura kwa simu au kwa kitufe chekundu cha rimoti, na maoni yao yanapita chini ya kioo. Mshindi anapewa pampu ya kumwagilia.

Shamba lile halikuwa la Mansuri. Ni la ukoo wa mama yake Sabra. Kwa Waluguru wa pale, ardhi hushuka kwa mama kwenda kwa binti. Mume anayekuja kuoa hulima, hula, na akiachana na mke huondoka na jembe lake. Baada ya Sabra lilikuwa liwe la Shadia, binti yake wa pekee, aliyekuwa chuoni mjini. Mansuri, aliyekuja kutoka Dakawa na begi moja, aligoma kutoka, na baraza la kata lilikuwa limeshawaita wakasuluhishwe.

Sabra akayapitia maoni, na hapo ndipo damu ilipomchemka. Nusu ya ukoo wake ilikuwa humo. Walikuwa wameuona mlima wao kwenye televisheni, wakaiona pampu, wakapiga kura mpaka vidole vikawauma. Hata mjomba Rehani, mkuu wa ukoo, ambaye bila neno lake hakuna anayegawiwa hata tuta, alikuwa ameandika: "Hongera mkwe, shamba lako linapendeza."

Alipanda hadi kwa mjomba siku ileile. Shikamoo aliitoa kwa sababu alilelewa. Upole zaidi ya hapo hakuwa nao. Mjomba akajitetea kwamba pampu ikija itawafaidi wote. Sabra akamuuliza, Mansuri akiyapeleka maneno hayo barazani, yeye atasema yameandikwa na jini? Mjomba akaitafuta miwani yake, akayafuta maneno. Alichelewa. Mansuri alikuwa ameshayapiga picha.

Kesho yake Sabra alishuka mjini kwenye ofisi za televisheni kutaka ule mstari wa mmiliki wa shamba ufutwe. Alipokewa na Editha, dada msimamizi wa huduma za mtandaoni, aliyemwamkia vizuri kisha akamwambia haiwezekani. Kipindi cha hewani kikipita kimepita, alieleza, lakini kilichowekwa mtandaoni ni kumbukumbu ya umma, hakiguswi kwa sababu mtu kaudhika. Na mwenye shamba waliulizia kabla ya kurekodi.

"Mlimuuliza nani?"

"Yeye mwenyewe, mama."

"Kwa hiyo kwenu mwizi anaulizwa kuku ni wa nani."

Editha alikunja uso. Alisema ugomvi wa talaka haumaliziwi studio, na kwamba Jumamosi wanarusha fainali mubashara kutoka shambani. "Ukija, mama, njoo kwa amani."

"Ninakuja kwangu," Sabra akasema. "Amani mje nayo nyie."

Jumamosi nyaya zilitandazwa juu ya nyanya na vijana wa kamera wakakanyaga matuta wasijue wanachokanyaga. Shadia alipiga simu kumsihi mama yake akae ndani, maana chuo kizima kinaangalia. Sabra akakata simu. Ukoo ulikuwa umejipanga kando, na kanga zao za sikukuu, wakisubiri pampu.

Mtangazaji, Godlisten, akawatangazia watazamaji kwamba kura bado ziko wazi, na kwamba wakati zinahesabiwa Mansuri atapanda miparachichi, zawadi yake kwa vizazi vijavyo. Mansuri akainama na mche wa kwanza, kisha wa pili, kisha wa tatu.

Mkwe hupanda mahindi, maharage, nyanya. Vitu vya kuvunwa na kwisha. Mti wa kudumu hupandwa na mwenye ardhi peke yake. Anayeupanda anasema: hapa ni pangu. Kila mtu mzima pale alilijua hilo, na hakuna aliyefungua mdomo. Mjomba Rehani aliangalia viatu vyake.

Sabra akaingia mbele ya kamera. Aling'oa mche wa kwanza, akautupa miguuni pa Mansuri. Akang'oa wa pili. Godlisten akacheka kicheko cha kazini na kusema mambo yamepamba moto. Mansuri alikuwa na tabasamu la meno yote. Pampu ilikuwa nyuma yake imefungwa utepe, na kura zilikuwa bado zinaingia. Akampisha Sabra afikie mche wa tatu.

"Sema," Sabra akamwambia. "Kama shamba ni lako, sema niache."

"Tuendelee na kipindi," Mansuri akasema.

Alishinda pampu. Sabra alishinda matusi. Watazamaji walimwita mchawi, adui wa maendeleo, wakaandika ndiyo maana kaachwa. Shadia akaacha kupokea simu zake. Editha, ambaye hakuweza kubadilisha mstari mmoja, akakiweka kile kipande cha kung'oa miche juu kabisa ya ukurasa kwa kuwa ndicho kilichotazamwa zaidi.

Barazani Mansuri alionyesha kipindi chake na picha ya maneno ya mjomba. Mjomba akakiri mbele ya watu kwamba aliandika kwa tamaa ya pampu. Kisha Mama Semeni, mwenyekiti wa baraza, akataka kipande cha pili, kile cha kung'oa miche. Alikitazama hadi mwisho, akavua miwani.

"Mansuri, wewe ni mkulima. Mtu anaingia shambani kwako, anang'oa mche ulioupanda sasa hivi. Unampisha?"

Mansuri akasema aliheshimu kamera.

"Mwenye shamba angemshika mkono. Kamera ingesubiri."

Watu wakacheka, na si kicheko cha huruma. Ikaandikwa avune nyanya alizopanda, kisha aondoke, na pampu yake akitaka. Akatia sahihi bila kumwangalia mtu.

Nje Shadia alikuwa amesimama mbali na watu. Alikuwa amekuja bila kusema.

"Umenitia aibu chuo kizima, mama."

"Aibu itaisha. Shamba ungelipata wapi?"

Walipanda mlima, binti mbele, mama nyuma, na hakuna aliyemsubiri mwenzake.