Paa Lisilo na Nguzo

Ijumaa jioni Mzee Shomari alikaa barazani kwake Temeke, sahani ya muhogo wa kuchoma mapajani, akimsimulia mpangaji wake jambo jema alilomfanyia.

Mpangaji huyo, Adelard, alikuwa kijana wa Bukoba, fundi wa kukunja na kufunga nondo. Wote wawili walifanya kazi mjini, kwenye jengo jipya la kampuni ya bima. Shomari alikuwa mwashi mwenye miaka thelathini ya mawe na chokaa mikononi. Wiki tatu nyuma Adelard alishikwa na homa, akalala siku nne. Mwanaasha, mke wa Shomari, alimpikia uji wa pilipili manga, akamfulia na shuka, wala hakuna aliyemwomba.

"Ulipokuwa kitandani," alisema Shomari, "ndipo tulipomimina zege la paa la mlangoni. Asubuhi yake, kabla ya kumimina, nikapanda kuchungulia. Nikakuta nondo zako zimekaa juu juu kama nguo kwenye kamba. Nikasema, homa imemzidi huyu mtoto. Sikumwambia msimamizi, angekufukuza. Nikaviondoa vile vigingi ulivyozipandishia, nikazilaza chini vizuri. Usinishukuru."

Adelard aliacha kutafuna.

"Zote, baba?"

"Zote. Mie sifanyi kazi nusu."

Jengo lile lilikuwa gumzo hadi Temeke. Lilikuwa la ghorofa nne, na kona yake ilipinda taratibu kama ubavu wa mtungi. Kwenye madirisha kulisimama mapezi ya zege ya kukinga jua la mchana, na ngazi za ndani zilisuguliwa kwa jiwe na maji mpaka ukajiona uso. Lakini kilichowasimamisha wapita njia ni paa la mlangoni. Lilikuwa bamba la zege lililotoka ukutani hatua nne kuelekea barabarani, bila nguzo hata moja katika mchoro. Kwa wakati ule lilikuwa bado limeshikiliwa na mirunda, ile miti ya kuegemezea zege mpaka likauke. Jirani yao Nassibu alishauliza kama likiachwa litashikwa na dua.

"Lina bima," Shomari alimjibu, na baraza zima likacheka.

Sasa Adelard alichukua kipande kirefu cha muhogo, akakishika ncha moja, akaikandamiza ncha ya pili kwenda chini. Muhogo ukapasuka upande wa juu.

"Linteli, ile boriti ya juu ya mlango, imelalia kuta mbili," alisema polepole. "Ile hupasukia chini, ndiyo maana chuma chake tunakiweka chini. Paa hili limeshikwa upande mmoja tu. Litapasukia juu, baba. Chuma chake kinakaa juu."

Shomari hakubisha. Alichukua kipande kingine, akakipinda mwenyewe, kisha kingine. Kila mara ufa ulianzia juu. Mikono yake iliyojua kazi ilielewa kabla yake.

"Kesho saa moja wanang'oa mirunda," alisema.

"Basi nendeni sasa hivi," alisema Mwanaasha kutoka mlangoni.

"Kumefungwa. Na kwa msimamizi hatukujui."

"Nitasema ni mimi," alisema Adelard. "Nondo ni kazi yangu."

"Ulikuwa mgonjwa, mwanangu. Usiniongezee dhambi."

Usiku huo hakuna aliyelala. Alfajiri, baada ya sala, Mwanaasha alimfungia mumewe vitumbua viwili kwenye kitambaa. Adelard alipanda baiskeli, mzee akakaa nyuma kwenye keria, wakapita Chang'ombe ukungu ukiwa bado chini. Shomari alijipa moyo kwamba wana muda. Kisha akakumbuka kwamba leo ni Jumamosi, kazi huisha mchana, na vibarua hupenda kuanza mapema.

"Kanyaga," alisema.

Walipofika, mirunda minne kati ya kumi ilishalazwa kando ya barabara. Mtu mmoja alikuwa akigonga kabari ya mti wa tano. Chini ya paa, vibarua sita walikaa wakinywa chai.

"Mzee Shomari," mmoja alitania, "leo umekuja kwa baiskeli kama bibi harusi?"

Shomari hakupiga kelele, kwa kuogopa hata sauti yake isije ikalitikisa zege. Alimshika mkono yule wa kabari, akamtoa. Kisha akaingia chini ya paa, akawagusa vibarua bega mmoja mmoja. "Toka, mwanangu. Na wewe, toka. Acha kikombe." Alitoka wa mwisho, kanzu imemganda mgongoni.

Bwana Harnam, msimamizi, alikuja na kilemba chake na hasira zake. "Nani amesimamisha kazi?"

"Mimi, Bwana. Chuma kiko chini. Nilikishusha mimi."

Bwana Harnam alimtazama, akamtazama Adelard. Akaagiza mirunda irudishwe, na ilipokwisha kusimama akapanda ngazi na tindo. Alichimba juu ya paa, karibu na ukuta. Vumbi lilidondoka. Kina cha vidole viwili, hakuna chuma. Vidole vinne, hakuna. Alipoacha kugonga alifunika lile tundu kwa kiganja.

"Hukuutazama mchoro?" aliuliza aliposhuka.

"Sijui kuusoma, Bwana. Miaka yote hii. Nilikuwa naona haya kusema."

"Litavunjwa lote. Jumatatu aliyelichora jengo atataka jina la mwenye kosa."

"Mpe langu."

"Nitampa." Bwana Harnam alijifuta vumbi. "Nitaandika pia kwamba aliyetuzuia ni wewe huyo huyo. Lakini kazi hapa huna tena, mzee. Nenda nyumbani."

Adelard alifungua kinywa. Shomari akamkanyaga mguu.

Hakwenda nyumbani mara moja. Alizunguka chini ya paa akikagua mti mmoja mmoja. Wa tano ulikuwa umelegea. Aliichukua nyundo, akaigonga kabari mpaka mti ukabana, kisha akauzungushia mikono yote miwili. Barabarani watu walianza kupita kwenda madukani, na kila aliyekaribia mlango, kibarua mmoja alimwelekeza apite upande wa pili, bila kuagizwa na mtu.

"Umeshika, baba," alisema Adelard. "Uachie twende."

"Bado," alisema Shomari, na hakuuachia.