Wodi Iliyozuiwa

Asubuhi fundi wa kompyuta wa hospitali alikaa mbele ya seva, akasogeza chai mbali na kibodi, akaandika amri ya kuzuia kifurushi kimoja cha programu kisisasishwe. Programu nyingine zote zingesasishwa, lakini ile ya mashine za kupumulia za wodi ya juu ingebaki na toleo la zamani. Toleo jipya lilipiga king'ora kila mashine ilipopunguza hewa, na mashine zote zilikuwa kuukuu. Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Subirini, hakutaka kelele wala habari za mashine mpya.

"Zuia kwanza," alisema. "Mengine tutaangalia huko mbele."

Fundi akazuia, na wodi nayo ikasimama hapo hapo. Wagonjwa hawakupona wala hawakufa. Kucha hazikuota. Uji haukupoa, na hata ukinywewa bakuli halikupungua. Sista alilalamikia kalamu tu: haikuisha wino, kwa hiyo hakupewa mpya. Bwana Subirini alipata cheti cha wodi isiyo na vifo, akakitundika mlangoni.

Msimlaumu fundi haraka. Kwenye kitanda cha dirishani alilala mama yake mzazi, na binti huyo hakuwa na mtu mwingine duniani. Kila jioni alipanda ngazi, akamkuta vile vile, akashukuru Mungu.

"Mwanangu," mama alimwambia jioni moja, "nimechoka kuwa jana."

"Mama, nikiachia unaweza kufa."

"Au nikapona. Kote huko ni kwenda. Hapa pumzi ni ile ile, naivuta, naitoa, naivuta tena. Niachie, mwanangu."

Binti alilia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akajifuta, akateremka, akaondoa zuio.

Ving'ora vikalia kitanda hadi kitanda. Masista wakakimbia huku na huku. Wengine walipata nafuu siku ile ile, wakaomba viatu vyao. Mama yake alikunywa uji mpaka ukabaki nusu, akasema umepoa, akamshika binti mkono, akafa.

Alipotoka kuzika, fundi alimkuta Bwana Subirini kwenye chumba cha seva, ameziba masikio.

"Makelele gani haya! Rudisha ilivyokuwa."

"Mashine ni mbovu, bosi."

"Najua. Rudisha."

Fundi hakugusa kibodi. Lakini nyuma ya mkurugenzi alisimama kijana wa kiume, macho mekundu, na fulana aliivaa kinyume.

"Dada, baba yangu yuko kitanda cha dirishani," alisema. "Tumesikia humu watu hawafi. Nakuomba, dada yangu. Sina mwingine."

Fundi angependa kumwambia jinsi mama yake alivyochoka kuwa jana, ila hakujua angeanzia wapi. Akasogeza chai, akarudisha toleo la zamani, akalizuia.

Ving'ora vikanyamaza. Kijana alishukuru, akapanda ngazi kumnywesha baba yake uji. Ulikuwa wa moto. Mashine ziliendelea kupunguza hewa kama kawaida.