Namba ya Mwisho

Mimi nikijua kitu siwezi kunyamaza. Marehemu mume wangu Chanda alikuwa akinitania kwamba hata siku ya mazishi yangu nitainuka kwenye jeneza nimsahihishe padri. Nilikuwa nacheka. Siku hizo nilikuwa na mahali pa kuchekea.

Mwaka 1993 nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo forodhani, hapa Lubumbashi. Mwenye ofisi alikuwa Papa Liévin, mtoto wa fundi wa reli kutoka Katanga ya kaskazini, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Kazi yetu ilikuwa kukipa kila kitu kilichovuka mpaka namba yake katika kitabu cha tarifu, kile cha kupangia ushuru. Kuku hai ana namba yake, kuku aliyechinjwa ana nyingine. Kitu kisicho na namba hakiingii, kinabaki mpakani Kasumbalesa kikinyeshewa. Papa Liévin alikuwa bingwa wa mambo hayo zamani, lakini macho yake yalikuwa yamechoka, na mimi ndiye niliyekijua kitabu kile kama njia ya sokoni.

Ulikuwa mwaka mbaya. Watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanaambiwa warudi kwao. Kule Likasi walikuwa wamekwisha kufukuzwa majumbani, wanalala stesheni wakingoja treni isiyokuja, na watoto wanakufa palepale kwa surua na kuhara. Mimi nimezaliwa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, baba yangu amezikwa hapa, Kasai yenyewe sijawahi kuikanyaga. Lakini baba alitoka kule, basi na mimi ni wa kule. Hilo nililimeza. Nilichokipigania ni kimoja tu: binti zangu, Graciella wa miaka tisa na Syntiche wa minne, wasilale stesheni.

Njia niliiona. Chanda alikuwa mtu wa Kasenga, mwana wa Katanga asiyetiliwa shaka, na kwetu mtoto ni wa baba. Mkuu wa avenue, yaani barabara yetu, alikuwa amemteua Papa Liévin aandike orodha ya wakazi, kwa kuwa amezoea kupanga vitu. Orodha ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza wenyeji, watakaobaki. Ya pili wageni, watakaoondoka. Nikamwandikia Papa Liévin barua na kuitia sahihi: watoto hawa si wangu, ni wa baba yao, waandikwe safu ya kwanza. Niliwaza kuwaacha kwa mjomba wake Chanda, mzee Kabwe, anayeuza samaki Kasungami. Moyoni nilisema heri waniite mama wa mbali kuliko nimzike mmoja kando ya reli.

Juma moja baadaye, Jumanne asubuhi, akaingia Papa Elisée, mfanyabiashara wa Butembo, mlokole anayemshukuru Mungu hata kabla ya kuketi. Siku hiyo aliketi kwanza. Akaweka mezani pakiti ya unga wa uji: mahindi, soya, sukari na maziwa ya unga, vimechanganywa tayari.

"Camion yangu iko Kasumbalesa siku kumi na moja," alisema, maana lori lake lilikuwa limezuiwa na watu wa forodha. "Moja wa douane anasema ni bunga ya mahindi. Mwingine anasema ni chakula ya batoto. Kila mutu na namba yake. Bakiendelea kubishana, batu batapillage, bataiba bintu yote."

Nilichana pakiti, nikalamba kidole. Papa Liévin akavua miwani.

"Kanuni inasema tuangalie kintu yenye inapatia muchanganyiko roho yake," alisema.

"Mahindi njo mingi," nikasema. "Lakini bila maziwa na soya haiko chakula ya mutoto. Pande zote mbili zinavuta sawasawa."

"Na kama zinavuta sawasawa, Mama Graciella?"

Swali lilinifurahisha. Lilikuwa la ndani kabisa kitabuni, na nilijua amelisahau.

"Basi tunatia ku namba ya mwisho, Papa. Kati ya zile zenye zinafaa, ile inakuya ya mwisho mu kitabu njo inabeba."

"Hata kama ile ya mwisho iko mubaya?"

Nilicheka. Ee Mungu wangu, nilicheka. "Papa, kitabu haijue mubaya na muzuri."

Alinitazama kitambo, akavaa miwani, akasema sawa. Nikapiga taipu karatasi za Papa Elisée, kila shaka nimeijibu kwa kifungu chake, naye akaniachia pakiti tatu za ule unga kwa ajili ya watoto, akaondoka anamsifu Bwana. Nilijisikia mkubwa asubuhi ile.

Baada ya chakula cha mchana Papa Liévin aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. Hakuwa na desturi ya kufunga mlango.

"Mama Graciella, ikala ku kiti. Soma hii."

Ilikuwa barua ya mzee Kabwe, jibu lake kuhusu kuwapokea watoto. Maneno machache tu. Kwa desturi ya ukoo wao mtoto ni wa ukoo wa mama, si wa baba. Chanda alikufa, matanga yaliondolewa, wao hawana mtoto kwa yule mwanamke Bénédicte, yaani mimi. Chini, alama ya dole gumba kwa wino.

Nilisoma mara mbili, na mara ya pili herufi zilikuwa zinacheza. Maana nilijua! Chanda alipokufa, nyavu zake na baiskeli yake alichukua mtoto wa dada yake, na wasichana wangu wamesimama pale wanatazama. Niliona kwa macho yangu. Nilidhani ni habari ya nyavu. Haikunipitia akilini kwamba mtu anaweza kuzaa watoto wawili wazuri namna ile halafu ukoo wake useme si wetu. Na najua mzee Kabwe aliogopa nyumba yake isichomwe kwa ajili ya watoto wa mama wa Kasai. Siku nyingine angekula chakula kwangu bila kuuliza mtoto ni wa nani.

"Iko na siku tatu hapa mu tiroir," alisema Papa Liévin, akigusa droo ya meza. "Barua ya mama inasema bana ni ba baba. Barua ya ukoo ya baba inasema bana ni ba mama. Hakuna mwenye anabataka."

"Miye minabataka. Unirudishie barua yangu, Papa."

"Ukikamata yako, itabakia ya Kabwe. Na yeye anasema ni bako."

"Basi uandike tu ku ya kwanza. Weye unabajua. Syntiche analalaka hapa chini ya meza yako."

Aligeuza orodha ikanielekea. Majina ya binti zangu yalikuwa katika safu ya pili, ile ya mwisho, kwa mwandiko wake mzuri wa kanisani, na wino ulikuwa umekwisha kukauka.

"Pande mbili zilikuwa zinavuta sawasawa," alisema. "Minatafuta siku tatu. Njo maana nilikuuliza asubuhi."

"Uliniuliza juu ya bunga."

"Nilikuuliza, Mama."

Nilitaka kumpiga, mkono haukuinuka. Mzee mzima, mla mwili wa Bwana kila asubuhi, ameshindwa kunitazama usoni akasema ni binti zako hawa, akanitegea pakiti ya uji. Na mimi, bingwa, nikamjibu haraka kabla hajamaliza kuuliza.

"Na kama ningesema namba ya kwanza?"

"Ningeandika ya kwanza," alisema. "Hakuna mutu angeniuliza sababu."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba orodha ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mkuu wa avenue kabla sijafunga sufuria zangu.

Stesheni tulikaa chini ya turubai la jirani, tukangoja kama wengine. Siku ya tano Syntiche alianza kuhara. Nilimpikia uji wa Papa Elisée kwenye mbabula, jiko la makaa la kuazima, nikimlisha kwa kijiko kidogo kidogo, naye anautema. Kwenye pakiti palikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka. Graciella alikuwa ameshika kichwa cha mdogo wake mapajani.

"Mama," aliniuliza, "nani alituandikaka ku ile liste?"

Kwa mara ya kwanza maishani nilijua kitu nikatamani kunyamaza. Lakini alikuwa ananitazama, anangoja.

"Ni miye," nikamwambia.