Nadhiri ya Ndani ya Ukuta

Kondoo alilala njia nzima nyuma ya pikapu, kichwa chake pajani mwangu, vumbi la jangwa likatukalia sote wawili kama unga. Shemeji yangu Labib aliona haya kunipakia huko nyuma, ila kondoo asingetulia bila mimi.

Tangu tutoke nyumbani hakuacha kunisema kupitia dirisha. Alisema nadhiri niliiweka ili kaka yake apone, na kaka yake tumeshamzika, sasa huyo mtakatifu ananidai nini? Hata moyo wangu ulikuwa umeniuliza hivyo hivyo, tena mara nyingi.

Zakhari, mume wangu, alilala kitandani majira yote ya baridi. Nikamwambia Mtakatifu Bimen: mwinue, nami nitakuchinjia kondoo ndani ya ukuta wa monasteri yako, wenye njaa wale. Zakhari akainuka. Akavuna miwa yake, akamwoza binti yetu, akagombana na Labib kwa ajili ya maji ya mfereji. Mwaka uliofuata akafa, kwa ugonjwa mwingine.

“Aliinuka, Labib,” nikamwambia mwishowe. “Wewe mwenyewe alikukimbiza na jembe.”

Akakwepa shimo njiani. “Kwa mgonjwa, shemeji, alikimbia vizuri.”

Mlangoni mwa monasteri tulipokewa na Baba Tuma, mtawa kijana mwenye macho mekundu ya kukesha kwenye sala. Nilitaka kumbusu mkono, akauvuta. Alipomwona kondoo akashusha pumzi. Akatueleza kuwa siku hizi hawachinji tena. Chini ya pale machinjioni, nyuma ya jiko, zimeonekana seli, vyumba vidogo vya watawa wa kwanza, kuta zake zina sala zilizoandikwa kwa rangi nyekundu. Pamezungushiwa kamba, na abati, mkuu wao, amekataza damu ndani ya ukuta. Akasema nimwache kondoo aishi bustanini, au nimuuze na kutia pesa kwenye sanduku la maskini. Mungu anaona moyo.

Nikamwambia moyo wangu Mungu anaujua, lakini kilichoahidi ni mdomo, na mdomo haukutaja sanduku.

Nikaenda kukaa kwenye kivuli cha gari. Mgongo uliniuma. Kumrudisha kondoo nyumbani ilikuwa ni kubaki na deni lile lile, nami sikuwa na nguvu ya kuja tena. Labib alitandika koti lake akalala.

Mbele yangu vibarua wa kufukua mambo ya kale walikuwa wakichimba. Mstari wa matofali mapana ya udongo ulikuwa umeanza kutokeza mchangani. Niliufuata kwa macho: ulipita mbali nyuma ya gari letu, ukazunguka kilima, ukarudi upande wa pili wa monasteri. Msimamizi wao, Haji Radwan, mtu wa mji wa Qift, alikuwa akinywa chai. Nikamuuliza ni kitu gani hicho.

“Ukuta, mama.”

“Wa nani?”

“Wa hawa hawa watawa wenu. Ule mrefu uliosimama walijenga baadaye, walipopungua wakajibana. Zamani walikuwa wengi.”

“Kwa hiyo hapa tulipo ni wapi?”

Akacheka. “Ndani. Gari mmeliegesha sebuleni kwao.”

Nikarudi kwa Baba Tuma nikamwonyesha. Hakucheka. Aliutazama ule mstari wa matofali, kisha akaingia kwa abati, akakaa huko mpaka kivuli cha gari kikahama. Alirudi na neno: abati anasema huo nao ni ukuta wa mtakatifu, ila tuchinjie mbali na mitaro, karibu na mahema ya vibarua, na damu tuifukie.

Wenye njaa sikuwatafuta. Vibarua walikuwa wamekula dengu tupu tangu Jumapili. Haji Radwan alichinja yeye, akataja jina la Mungu, nami nilishika miguu. Baba Tuma alisimama pembeni akisoma sala ya shukrani kwa sauti ya chini. Nyama hakuigusa, watawa hawali. Labib alikula sehemu yake na nusu ya yangu.

Jua lilipopoa niliinuka, nikaelekea mashariki, nikapiga ishara ya msalaba. Nilimwambia mtakatifu kwamba nimeleta. Kila nilipokuja kwake nilikuwa na la kuomba. Safari hii nililitafuta nisilione, nikamwamsha Labib twende.