Kondoo wa Shahada Yangu

Usiku wa jana niliota niko Amerika ya zamani, kwenye chuo kikubwa cha matofali, na ni siku yangu ya kuhitimu. Mimi niliyeishia darasa la tatu.

Mkuu wa chuo, Bwana Obadia, amevaa nywele za bandia, nyeupe kama unga wa sembe. Ananipa mkono.

"Hongera, Bibi Nakijwa. Hatujapata mwanafunzi anayelala vizuri kama wewe."

"Sijasoma kitu, baba."

"Ndiyo masharti. Anayelala miaka minne anapewa shahada, na shahada huandikwa kwenye ngozi ya kondoo. Wako yule pale."

Kweli, kondoo dume amefungwa mlangoni, na pembeni yake mtu ananoa kisu. Kondoo anaghani shairi alilokitungia chuo:

*Kaingia hana kitu,*
*miaka minne kalala,*
*kavishwa joho la watu,*
*kichwa kingali chalala.*

Wanafunzi wanacheka, kisha wanasinzia tena.

"Shairi zuri," namwambia.

"Ahsante, bibi. Ndiyo la mwisho. Kesho nitakuwa ukutani kwako."

"Ukuta wangu wa udongo, msumari haushiki."

"Basi utanikunja."

Roho ikaniuma. Nikamuuliza Bwana Obadia mtu anafelije hapa.

"Kwa kujibu swali. Ukipata, maana yake ulikuwa macho. Ila tangu tujenge hajatokea aliyejibu."

"Niulize."

Mara tumo katika darasa langu la tatu, tumekaa sakafuni sote, magoti ya Bwana Obadia yamefika masikioni.

"Sita mara saba?"

Mwenye kisu anasubiri. Mimi nahesabu polepole, sina haraka. Vidole vikaniishia, nikaazima kwato za kondoo.

"Arobaini na mbili."

Chuo kizima kikaamka. Mwenye kisu akakiweka chini. "Alikuwa macho huyu," ananong'ona.

"Mtoeni," anasema Bwana Obadia. "Yeye na mnyama wake."

Tukatoka taratibu, maana magoti yangu hayakimbii hata ndotoni. Nje ukungu mzito, mkono wako mwenyewe huuoni.

"Shika pindo la kanga yangu, mwanangu, usije ukapotea."

Hana mikono, akaliuma.

Nikaamka, kumekucha. Pindo la kanga niliyojifunika limetafunwa, bado limelowa mate. Nimelitazama sana. Hapa kwangu nafuga kuku tu, na kuku hawana meno.